Nahodha Husifiwa, Wafua Maji Husahauliwa

Jahazi linaposhinda mashindano ya Lamu wakati wa shamrashamra za Maulidi, jina linalovuma mpaka Shela na Matondoni ni la nahodha. Aliyevuta henza tanga likapanda, aliyefua maji njia nzima, na fundi aliyelikalafati jahazi lile wiki nzima kabla ya mashindano, wote hao hurudi majumbani kwao bila ya mtu kuwauliza hali. Hakuna aliyewadhulumu kwa makusudi. Ni desturi yetu tu kwamba ushindi hutafutiwa mwenyewe mmoja, naye akishapatikana, daftari hufungwa.

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kwamba maneno haya yanatoka Naitiri, mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Bungoma, upande wa kuelekea Kitale, mahali ambapo bahari pekee ni ya mahindi. Mimi ni mtu wa Pwani niliyeletwa huku na biashara ya leso na nguo. Nchi hii iliyokuwa mashamba ya walowezi kabla ya Uhuru, kisha ikagawiwa wananchi, imenipokea vizuri, nami nimeizoea baridi yake. Jioni, baada ya kufunga hesabu, barazani pangu hukaa wazee na vijana, na mazungumzo aghalabu huwa ni ya michezo. Ubishi wetu mkubwa ni ule ule wa siku zote: nani alikuwa bora? Na kila mmoja huleta jibu lake bila ya ushahidi.

Nataka kutoa rai yangu juu ya ubishi huo, na nitaanzia mbali kidogo, Marekani, kwa sababu huko ndiko walikolifanya swali hili kuwa elimu.

Wamarekani wana mchezo wao wa besiboli. Ni ndugu wa kriketi tuijuayo Mombasa na Nairobi, na ni ndugu wa karibu zaidi wa raunda, mchezo ambao mabinti wa shule zetu wameucheza miaka na miaka. Mmoja hutupa mpira, mwingine husimama na gongo kuupiga, na akiupiga vyema hukimbia kuzunguka vituo. Timu hupeana zamu tisa. Huyo mtupaji ndiye roho ya mchezo, kwani hakuna kinachotokea mpaka autoe mpira mkononi mwake.

Sasa, Wamarekani tangu zama za kale wamekuwa wakimwandikia mtupaji ushindi na kushindwa kana kwamba ni mali yake binafsi. Timu ikishinda, mtupaji mmoja huandikiwa ushindi. Ikishindwa, mmoja hubebeshwa kushindwa. Mtupaji aliyeanza mchezo hupata ushindi huo akimaliza angalau zamu tano na kuiacha timu yake ikiongoza mpaka mwisho. Kwa hesabu hii Cy Young, aliyecheza mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ana ushindi 511, na hakuna aliyemkaribia mpaka leo. Zawadi ya mtupaji bora wa mwaka, iliyoanzishwa mwaka 1956, imepewa jina lake.

Chukua msimu wa 1968. Katika orodha ya walioongoza kwa ushindi mwaka ule, wa kwanza ni Denny McLain wa Detroit, aliyeshinda mara 31 na kushindwa mara sita. Tangu siku hizo hakuna mtupaji mwingine aliyefikia ushindi 30 katika msimu mmoja. Anayemfuata ni Juan Marichal, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, aliyekuwa na 26. Chini yao yuko Bob Gibson wa St. Louis, mwenye ushindi 22 na kushindwa mara tisa. Na yuko Luis Tiant, mzaliwa wa Kuba, mwenye 21.

Mtu asomaye orodha hiyo kwa haraka atasema: bora ni McLain, jambo limekwisha. Lakini liko daftari la pili, nalo huhesabu mikimbio anayofungwa mtupaji, kwa wastani wa kila zamu tisa. Katika daftari hilo McLain ana 1.96, ambayo ni kazi ya kusifiwa. Tiant ana 1.60. Gibson ana 1.12! Mtu aliyekuwa akifungwa mkimbio mmoja na kidogo kwa mchezo mzima alishindwa mara tisa. Alishindwaje? Jibu ni jepesi. Mtupaji anaweza kuwazuia wapinzani, lakini hawezi peke yake kuwafungia wenzake mikimbio. Wapigaji wa timu yake wakilala, yeye atarusha mpira wa dhahabu na jioni ataandikiwa kushindwa.

Na kisa cha mwaka ule hakikuishia hapo. Detroit na St. Louis zilikutana katika fainali ya michezo saba. McLain, mwenye ushindi 31, alishindwa mara mbili na Gibson. Aliyeiokoa Detroit alikuwa mwenzake, Mickey Lolich, ambaye msimu mzima alikuwa na ushindi 17 tu. Alishinda michezo mitatu ya fainali hiyo, na wa mwisho, mchezo wa saba, alimshinda Gibson mwenyewe. Angetafutwa bora kwa orodha ya ushindi peke yake, Lolich asingetajwa. Watupaji walitamba mno mwaka huo hata wakuu wa mchezo wakakiteremsha kijilima wanachosimama, kutoka inchi 15 hadi 10, ili wapigaji nao wapumue.

Kisha tazama mwaka 1972. Timu ya Philadelphia ilikuwa dhaifu kupita kiasi: ilishinda michezo 59 na kupoteza 97. Katika hiyo 59, mtupaji mmoja, Steve Carlton, aliandikiwa ushindi 27. Wenzake wote waliobaki wakachangia 32. Hapa hesabu ya ushindi ilisema kweli, tena kwa sauti kubwa. Kwa hiyo sisemi kwamba ushindi ni namba ya kutupwa. Nasema ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hatoshi.

Wamarekani wenyewe walichukua muda mrefu kulikubali jambo hili. Mwaka 2010 Felix Hernandez wa Seattle alipewa zawadi ya Cy Young akiwa na ushindi 13 na kushindwa 12. Mwaka 2018 Jacob deGrom wa New York akaipata akiwa na ushindi 10 tu na kushindwa tisa, kwa sababu wastani wake ulikuwa 1.70. Zamani mtupaji wa kuanza mchezo mwenye ushindi 10 asingethubutu hata kuota zawadi hiyo. Waliompigia kura walitazama daftari zima, wakaona kwamba mtu huyu alitimiza wajibu wake na walioshindwa ni wenzake.

Haya, tuyaache ya Marekani, turudi kwetu. Yapo ya kwetu ambayo ni makubwa kuliko hayo, na nasikitika kwamba vijana wengi wa Mombasa, wanaojua majina ya wachezaji wa Uingereza kama wajuavyo majina ya ndugu zao, hawayajui.

Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi. Tarehe 24 Februari, Nairobi, tuliishinda Sri Lanka kwa mikimbio 53, na Collins Obuya akawatoa wapigaji watano kwa mikimbio 24. Kwa hesabu ya ushindi, siku ile ni yake, na hakuna wa kumnyang'anya. Lakini mtazame ushindi mwingine wa mashindano yale yale. New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa sababu za usalama, na Kenya ikapewa pointi bila ya mpira hata mmoja kurushwa. Sizibezi pointi zile. Zilikuwa haki yetu kwa kanuni, na zilitufaa sana katika safari ile. Nauliza tu: tungekuwa na desturi ya kumwandikia mrushaji mmoja ushindi, ule tungemwandikia nani?

Sasa njoo tarehe 15 Machi 2003, mjini Durban. Kenya ilicheza na Australia, mabingwa wa dunia, timu ambayo katika mashindano yale haikushindwa na mtu. Sisi tulipata mikimbio 174. Brett Lee aliwatoa wapigaji wetu watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Australia ilipoanza kupiga, ilionekana kwamba mchezo utakwisha kabla ya watu kumaliza chai. Ndipo akaitwa Aasif Karim.

Aasif Karim ni mzaliwa wa Mombasa, mwana wa Mvita. Alikuwa na umri wa miaka 39. Alikuwa nahodha wa Kenya katika Kombe la Dunia la mwaka 1999, kisha akastaafu, na alirudi kwa kuombwa. Kabla ya hapo alikwisha kuiwakilisha Kenya hata katika tenisi, katika Kombe la Davis. Hakuwa mrushaji wa nguvu. Alirusha kwa mkono wa kushoto, taratibu, mpira ukizunguka na kudanganya, kama mtu anayemfundisha mtoto. Siku ile alirusha mipira 50, yaani ova nane na mipira miwili. Ova sita kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Kwa jumla alifungwa mikimbio saba, akawatoa watu watatu: Ricky Ponting, nahodha wa Australia, Darren Lehmann na Brad Hogg. Mabingwa wa dunia walisimama na magongo yao wakitazamana.

Na matokeo? Australia ilishinda. Walikuwa wanatafuta mikimbio michache, na hatimaye waliipata. Katika daftari la ushindi, siku ile Aasif Karim ni mtu aliyeshindwa. Lakini waamuzi wa tuzo walimpa yeye, mtu wa timu iliyoshindwa, zawadi ya mchezaji bora wa mchezo. Siku tano baadaye, tarehe 20 Machi, Kenya ilitolewa na India, na huo ukawa mchezo wake wa mwisho wa kimataifa wa siku moja.

Namshukuru mwandishi wa hesabu wa siku ile, ambaye hata jina lake silijui. Yeye ndiye aliyetuhifadhia mipira 50 na mikimbio saba. Kama angeandika tu kwamba Australia imeshinda, leo mimi ningekuwa nabishana barazani Naitiri kwamba palikuwa na mtu wetu wa Mombasa aliyewafunga mikono Waaustralia, na vijana wangenicheka na kusema mzee anatia chumvi. Namba zile ndizo zinazoninyanyua kichwa.

Hili ndilo jambo linaloniuma, kwani upande wa pili wa nchi hii ya michezo ni giza. Nimepata kuwauliza wazee watatu hapa Naitiri, wote wapenzi wa mpira, Joe Kadenge alifunga mabao mangapi. Nikapata hesabu tatu, kila moja mbali na mwenziwe. Kadenge, aliyefariki mwaka 2019, alikuwa fahari ya eneo hili lote la magharibi. Ule usemi wa redioni, "Kadenge na mpira", aliouvumisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, umekuwa kama methali. Tumeuhifadhi usemi. Lakini kazi ya mtu huyo, mchezo kwa mchezo, imo vifuani mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Na wasiojulikana je? Karibu na hapa kilifanyika kigombano cha raunda baina ya shule, nami niliombwa kukaa mezani kwa sababu nina mazoea ya kuandika daftari la duka. Binti mmoja alikuwa akitupa mpira kwa namna ambayo sijapata kuiona kwa mtoto: wapinzani walipiga hewa, zamu baada ya zamu. Wenzake hawakuweza kufunga, na timu yake ikashindwa kwa kidogo sana. Walipokuja kuchagua wa kwenda ngazi ya juu, waalimu wa shule moja walichagua kutoka timu iliyoshinda peke yake. Niliwaonyesha karatasi yangu. Nikaambiwa kwa adabu, "Mzee, hao walishindwa." Karatasi ile ninayo mpaka leo, imekunjwa ndani ya daftari la madeni. Binti yule hakwenda. Na kwa mtoto wa mkulima wa mahindi, kwenda ngazi ya juu si matembezi. Mara nyingi ndiko anakoonwa, na anayeonwa huweza kupata shule nzuri na mtu wa kumsaidia karo.

Najua wako watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, huniambia kwamba mchezo ni kushinda, na kwamba ukianza kumsifu aliyeshindwa utalea taifa la visingizio. Kila mtu atasema, mimi nilitupa vizuri, wenzangu ndio wabaya. Tena, anasema, ukimhesabia kila mchezaji namba zake, atacheza kwa ajili ya namba na kuisahau timu.

Namjibu hivi. Kwanza, daftari kamili ndilo linaloua visingizio. Mwenye kudai kwamba alitupa vizuri ataulizwa: mipira mingapi, mikimbio mingapi? Porojo hustawi pale pasipokuwa na maandishi. Pili, anayeicheza namba kwa uchoyo ni rahisi kumwona akiwa ameandikwa kila kitu. Hesabu ya Carlton katika timu ile mbovu ya mwaka 1972 haikumfanya mchoyo. Ilituonyesha mtu aliyekataa kulegea hali wenzake wakizama. Tatu, mchezo ni kushinda, nakubali, na McLain na ushindi wake 31 namvulia kofia. Lakini atakayekushindia kesho, utamjuaje leo, kama hukumtazama alipokuwa katika jahazi linalovuja?

Majirani zetu wa Uganda wametupa somo. Mwaka 2011 vijana wao walikuwa wa kwanza kutoka Afrika kufuzu mashindano makubwa ya dunia ya besiboli ya watoto, yanayofanyika Williamsport, Pennsylvania, lakini wakanyimwa viza kwa sababu ya hitilafu za vyeti. Mwaka 2012 walikwenda vijana wa Lugazi, na walipokutana na timu ya Oregon wakaishinda 3 kwa 2. Zingatia jambo hili: mwaka wa kwanza hawakukwamishwa na mpira wala na gongo. Walikwamishwa na karatasi. Asiyeandika habari zake huandikiwa na wengine, au huachwa nje ya mlango.

Na sisi? Kriketi yetu, ile iliyofika nusu fainali mwaka 2003, ilicheza Kombe la Dunia mara ya mwisho mwaka 2011, na mwaka 2014 ikapoteza hadhi yake ya kucheza michezo rasmi ya kimataifa ya siku moja. Sababu ni nyingi, na si mahali pake hapa. Lakini sioni namna timu inavyoweza kujengwa upya na watu wasiojua nani hasa alibeba mzigo katika ile ya kwanza. Mwana wa Aasif, Irfan Karim, naye aliichezea Kenya. Huyo alikulia katika nyumba ambayo kumbukumbu ilikuwa mezani. Watoto wengine wataipata wapi?

Rai yangu ni ndogo, haihitaji kamati wala fedha za serikali. Kila shule na kila kilabu, kuanzia Lamu na Kisauni hadi Naitiri na Kitale, inunue daftari moja la mistari. Kila mchezo uandikwe: tarehe, mahali, walioshinda, na kisha kila mchezaji na kazi yake. Akitupa, aandikiwe mipira aliyotupa na mikimbio aliyofungwa. Akifunga bao, aandikwe yeye na aliyempa pasi. Mlinda lango aandikiwe mipira aliyookoa, hata kama alifungwa mitatu. Kazi hiyo apewe mtoto mwenye mwandiko mzuri asiyependa kukimbia, naye atakuwa amepata nafasi yake katika mchezo. Na wanaochagua wachezaji walazimishwe kulifungua daftari hilo kabla ya kufungua midomo.

Mwenye duka anajua kwamba bidhaa iliyouzika sana si lazima iwe ndiyo iliyoleta faida. Akitaka kuijua faida hufungua kurasa zote. Waliosimamia hesabu ya Durban walizifungua zote, na ndiyo sababu mtu wa Mombasa, katika siku ambayo nchi yake ilishindwa, aliitwa bora mbele ya mabingwa wa dunia. Watoto wetu hawaombi zaidi ya hilo: mtu mmoja mwenye kalamu, aketi pembeni ya uwanja, aandike kweli yote.